Kamera inaandika Err 01? Soma hapa kabla hujafungua waleti

Jumamosi moja niko Tanga kwenye harusi, bibi harusi ndo anashuka kwenye gari, mimi na Canon 5D Mark II yangu na lenzi ya zumu ya 24-105 shingoni, nabonyeza, shata inalia nusunusu alafu skrini inawaka maandishi: Err 01, mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu, safisha kontakti za lenzi. Nikazima nikawasha, picha moja ikaingia, ya pili Err 01 tena. Nikachomoa betri nikarudisha, yaleyale. Shangazi mmoja wa bibi harusi akanisogelea akaniuliza taratibu, "mwanangu, imegoma?" nikamjibu "hapana shangazi, naiweka sawa tu" huku jasho linanitiririka mpaka kioo cha kuchungulia kimeingia ukungu. Harusi nzima nikaimalizia na lenzi ya 50mm isiyozumu, picha ya ukoo watu thelathini narudi nyuma, narudi nyuma, mpaka nikakanyaga maua ya kanisa.

Jumatatu nikampelekea fundi mmoja mjini, kaishika dakika mbili, kaizungushazungusha, kaniambia "bosi hii bodi imekufa, niachie laki mbili na nusu". Bahati nzuri sikuwa nayo, mana bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ilikuwa nzima kabisa! Na kontakti zilikuwa safi. Tatizo lilikuwa sehemu ambayo yale maandishi hayaitaji hata kidogo, na ningeweza kuligundua mwenyewe palepale kanisani kwa nusu dakika kama ningejua cha kujaribu. Ndo mana naandika hii.

Kwanza uelewe hiyo Err 01 inatoka wapi. Canon walipoleta maunti ya EF, ule mdomo wa kufungia lenzi, mwaka 1987 waliondoa vile vyuma vya kusukumana kati ya bodi na lenzi, kila kitu kikawa umeme. Fokasi ni mota iliyo ndani ya lenzi, kufunga na kufungua apacha, lile tundu la kupitisha mwanga, ni mota nyingine humohumo ndani ya lenzi, na maagizo yote yanapita kwenye vile vidoti vya dhahabu unavyoviona ukichomoa lenzi, ndo hizo kontakti. Baadhi ya vidoti vinapeleka umeme wa kuendesha mota, vingine ni vya mazungumzo, bodi inasema "funga apacha f/8", lenzi inajibu "tayari". Sasa bodi haina macho ya kuona ndani ya lenzi, inachojua ni kwamba imetuma agizo na jibu halijarudi, au limerudi bovu. Kwaiyo uchafu kwenye kidoti, waya uliokatika ndani ya lenzi, betri iliyochoka, vyote hivo inaviandika Err 01 na inakwambia safisha kontakti. Na watu wanasafisha wee, wanasafisha mpaka dhahabu inaisha.

Kama una bodi za zamani, 350D, 400D, 20D, 40D, unaweza usione 01, ukaona Err 99 ambayo ilikuwa kapu la kila ugonjwa. Mambo ya kufuata ni haya haya. Ila kama yako inaandika 02 hiyo ni memori kadi, 05 ni ile flashi ya juu imeshindwa kuinuka, usije ukahangaika na lenzi bure.

Haya tuanze na yale ya haraka ambayo unaweza kuyafanya hata mc anaendelea kuongea. Zima kamera. Chomoa betri. Chomoa lenzi, iangalie, irudishe, na uizungushe mpaka usikie "tak". Hiyo tak ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, mana kuna kipini kidogo pembeni ya mdomo wa bodi kinachoingia kwenye tundu la lenzi, kisipoingia lenzi itakaa tu kama imefunga ila inacheza milimita moja mbili na vidoti havikutani sawasawa. Mchanga wa beach ukiingia kwenye kile kipini kinakwama chini, unakuta lenzi inazunguka bila kufunga. Ishike lenzi ujaribu kuitikisa, ikicheza sana na kulia "kwachakwacha" angalia skrubu za kile kiringi cha chuma cha nyuma, kwa lenzi zilizopanda sana bodaboda na madaladala zinalegea na unazikaza dakika moja. Ukikaza tumia bisibisi inayoenea kweli, ukichubua kichwa cha skrubu umejitafutia kazi nyingine.

Ukisharudisha lenzi, kabla hujapiga picha yoyote, weka modi ya Av, ile ambayo wewe ndo unachagua apacha, na utazame namba ya apacha kwenye skrini. Hapa wengi wanapapita tu, na ndo penye njia panda. Ukiona 00, maana yake bodi haijui kabisa kama kuna lenzi, ni sawa na umefunga kopo. Hapo ndo unarudi kwenye vidoti, uchafu, kipini, skrubu. Lakini ukiona namba ya kawaida, f/4 au f/5.6, na ukizungusha inabadilika vizuri, na fokasi inafanya kazi, alafu Err 01 inakuja pale tu unapobonyeza kupiga, basi bodi na lenzi wanaongea vizuri tu, ila lenzi imepewa kazi ikashindwa. Kusafisha hapo ni kupoteza muda.

Wale wa 00 njooni hapa. Vidoti kwenye lenzi vifute na kitambaa kikavu cha miwani, kile laini, mkandamizo wa kawaida tu, mara tano sita. Mafuta ya vidole na vumbi la barabarani yanatoka bila dawa yoyote. Kama umepiga sana picha za ufukweni, Bagamoyo, Pangani, Kilwa, au unaishi Unguja ambako hata kitasa cha mlango kinaota kutu, angalia kwa tochi ya simu kama kuna ukijani au weupe kama chumvi. Huo hautoki kwa kitambaa kikavu, tumia pamba ya masikio na tone moja la isopropili, ile wanayosafishia saketi mafundi simu, kaombe kwao hata kwenye kizibo. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ina maji ndani, siyo mwisho wa dunia ila usubiri ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Pamba iwe na unyevu tu, isidondoshe, na lenzi iinamishe nyuma iangalie chini ili kitu kisichuruzike kuingia ndani.

Kuhusu raba ya penseli kuna ligi kubwa. Mimi nimeitumia, kwenye lenzi tu, nimeigeuza iangalie chini, na baada ya hapo nimepuliza na kile kipulizio cha mpira. Kwenye bodi sijawahi na sitawahi, unga wa raba ukiingia kwenye kioo na sensa utajuta. Msasa hapana. Petroli hapana. WD-40 hapana, ile inaacha mafuta na mafuta yanakamata vumbi, baada ya wiki utakuwa pabaya kuliko mwanzo. Na kupuliza na mdomo acheni jamani, unatuma mate ndani.

Upande wa bodi ni tofauti kidogo kwasababu pale kuna pini zenye springi, zinatakiwa zibonyee na kurudi. Usiogope ukihesabu nane kwenye bodi na saba kwenye lenzi, hakuna iliyopotea, ndo zilivyo, na lenzi kubwa kama 70-200 za L, zile za daraja la juu za Canon, zina tatu za ziada kwa ajili ya kile kiongezeo cha zumu. Betri ikiwa nje, tazama kwa pembeni kama pini zote zimesimama usawa mmoja. Iliyobonyea ikagoma kurudi ndo mchawi wako. Iguse polepole na ncha ya kijiti cha meno, kijiti cha mti siyo sindano ya chuma, ibonyeze na kuiachia mara kadhaa, mara nyingi ni uchafu umeishika na inaachia yenyewe. Isipoachia, hiyo sasa ni kazi ya fundi kweli, na wala siyo kazi ya laki mbili na nusu.

Sasa twende kwenye ile iliyonitesa mimi, na ambayo kwa uzoefu wangu ndo nyingi zaidi kwa sisi tunaonunua lenzi za mkono wa pili.

Ukichungulia kwenye DSLR, kamera hizi zenye kioo ndani, apacha inakuwa wazi kabisa muda wote hata kama umeiweka f/11, ili upate mwanga wa kuona na kufokasi. Inajifunga kufikia f/11 ile sekunde tu unayobonyeza shata, alafu inafunguka tena. Kwaiyo kama mota ya apacha imekufa au waya wake umekatika, kamera itakuwa nzima kwa kila kitu, utazumu, utafokasi, utapima mwanga, mpaka ubonyeze. Ndipo bodi inasema "funga", lenzi inanyamaza, Err 01.

Jaribio lake ni rahisi mpaka linatia hasira. Weka Av, shusha namba ya apacha mpaka mwisho, ile ndogo kabisa ya lenzi yako ambayo ndo apacha ikiwa wazi kabisa, kwa 24-105 ni f/4, kwa 50mm ni f/1.8, kwa kiti ya 18-55, ile lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ni f/3.5 ukiwa kwenye 18. Piga picha kumi mfululizo. Zikiingia zote bila kelele, peleka f/8 upige. Ikija Err 01 kwenye f/8 na haiji kwenye ile ya wazi, umeshajua, ni apacha, bodi yako haina kosa na vidoti vyako havina kosa. Pale kwenye uwazi kamili apacha haihitaji kusogea ndo mana inapita. Kama bodi yako ina kile kibatani kidogo mbele, pembeni ya lenzi, cha kuonyesha apacha kabla ya kupiga, kibonyeze ukiwa kwenye f/11 huku unatazama mbele ya lenzi, utaona vile vipande vyeusi vinajifunga kama jicho la paka likipigwa na jua. Visipotikisika, au vikitikisika kidogo tu vikakwama na Err ikatokea, jibu umelipata kwa macho yako. Bodi za bei ya chini kama 4000D hazina hicho kibatani, wewe piga tu kwa f/8 inatosha.

Kuna kitu kingine kinachochanganya watu hapo. Unakuta lenzi inapiga f/8 vizuri ukiwa kwenye 105, ukirudi 24 inagoma. Au inagoma katikati tu. Mtu anasema kamera ina majini. Hamna jini, ndani ya lenzi ya zumu ile sehemu yenye apacha inaenda mbele na nyuma kila unapozungusha, na umeme wake unaletwa na fleksi, ule waya bapa kama utepe, wale wanaofungua simu wanaujua. Unakunjwa na kukunjuliwa kila siku miaka yote, mwisho unapasuka kwenye mkunjo. Ukikaa mkao huu nyaya zinagusana, ukikaa mkao ule zinaachana. 24-105 f/4L ile ya kwanza, ya mwaka 2005, inajulikana kwa hili, na 17-85 IS ya mwaka 2004 ndo usiseme, hiyo ukiikuta inauzwa bei ya kutupa, kabla hujatoa hela ifanyie hili jaribio mbele ya muuzaji, kila mkao wa zumu, f/8, picha tatu tatu. Akikuzuia, kunja jamvi uondoke.

Ukishindwa kuamua kama ni lenzi au bodi, dawa ni kubadilishana. Azima lenzi ya mwenzako uvae kwenye bodi yako, alafu lenzi yako ivae kwenye bodi ya mwenzako. Err ikifuata lenzi ni lenzi, ikibaki kwenye bodi ni bodi. Ni dakika mbili, na bado kuna watu wameacha kamera kwa fundi wiki tatu bila kufanya hili. Hata kilenzi cha kiti kilichovunjika kioo kinafaa kwa kujaribia, mradi kinawasiliana.

Betri nayo usiidharau. Mota ya fokasi na ile IS, kituliza mtikisiko cha ndani ya lenzi, zikianza pamoja zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri feki iliyozeeka inaonyesha imejaa ila ikivutwa inazama, mazungumzo yanakatika katikati. Dalili yake ni kwamba Err inakuja ovyoovyo, haifuati apacha wala zumu, na inazidi jioni betri ikiwa ukingoni. Zima IS, weka fokasi kwenye MF, yaani ya mkono, piga. Ikitulia, jaribu betri nyingine kabla ya chochote. Na kama umefunga gripu ya betri, kile kishikio cha ziada cha chini ya kamera, ya bei rahisi, ifungue uweke betri moja kwa moja kwenye kamera, nimeshaona zaidi ya mtu mmoja amelia na Err wiki nzima kumbe ni vidoti vya gripu.

Lenzi za kampuni nyingine zina ugonjwa wao wa peke yake. Sigma za zamani, zile za enzi za filamu, ukizivalisha kwenye EOS ya dijitali, yaani hizi kamera za Canon, zinafokasi vizuri tu, ukifunga apacha inakuja Err 99 au 01. Hiyo lenzi haijaharibika, inaongea Kiswahili cha zamani tu ambacho bodi mpya haikielewi, na haisafishiki ikapona. Itumie kwenye uwazi kamili au irudishe ulikoitoa.

Wa Nikon nisiwaache ila kwenu ni kwa ufupi, mana zile za kawaida bado zinasukuma apacha kwa chuma, na nyingi ya erra zenu wala siyo ubovu. Ikiandika fEE na lenzi yako ina ringi ya apacha, mfano 50mm f/1.8D, zungusha ringi mpaka 22, ile namba ya rangi, na uiloki. Basi. Ikiandika F-- ndo sawa na 00 ya Canon, bodi haioni lenzi, rudi kwenye kufuta vidoti na kusikiliza tak. Zile 18-55 zinazojikunja zina batani pembeni, usipoibonyeza na kuzungusha lenzi ikatoka kamera inakataa kupiga na inakwambia uangalie lenzi, kuna dada aliniletea yake kutoka Mbezi mpaka Sinza kwa shida hiyo, nikabonyeza, akacheka mwenyewe. Na lenzi zilizoandikwa AF-P hazifanyi kazi kwenye D90, D3100, D3200, D5100, D7000 na wenzao wa zamani, hapo hakuna cha kutengeneza, ni kubadilisha moja kati ya viwili. D3300 na D5300 zinakubali ila ziwe na femuwea mpya, ile programu ya ndani ya kamera.

Ukishajua ni apacha una njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kupiga kwenye uwazi kamili. Siyo mzaha, hakikisha tu uko kwenye Av au M, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe, na namba haijasogea, usiweke P wala otomatiki ya kijani mana kamera itachagua f/8 yenyewe na utarudi kulekule. Juani panda na spidi ya shata, punguza ISO, ule usikivu wa sensa kwa mwanga, mpaka 100, na picha za kundi wapange mstari mmoja badala ya mitatu, kwasababu kwenye f/4 wa nyuma wanaanza kulainika. Kwa sherehe za ndani wala hakuna atakayejua.

Ya pili ni fundi, lakini unaenda na maneno yako. Usimwambie "inaandika Err 01", mwambie "apacha haifungi, inagoma kuanzia f/5.6, inagoma zaidi kwenye 24, bodi nimeijaribu na lenzi nyingine iko poa". Muulize kama anabadilisha fleksi peke yake au apacha nzima, na kama kifaa anacho au anaagiza. Anayejua kazi atakujibu palepale, anayebahatisha ataanza kukuuliza uliinunua shilingi ngapi. Na umuachie lenzi tu, bodi rudi nayo nyumbani.

Yangu niliipigia hivohivo kwenye f/4 karibu miezi mitano, harusi, mahafali, mpaka nikampata fundi mwingine aliyebadilisha fleksi. Siku ya kuchukua akanipa na ule wa zamani, kaufunga kwenye kikaratasi. Nikauinua juani kuutafuta ufa, nikautafuta wee, mpaka akaukunja kidogo na kidole ndo ukafunguka, mwembamba kama unywele.